Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Wanasema tu! Ya Marcelline, msusi wa kule Point, Durban, ilifika mpaka Bordeaux, Ufaransa.

Alipokimbia vita Kongo alikuwa na miaka ishirini, mtoto wake Cathy mgongoni, mume hana. Kwenye foleni ya makaratasi ya ukimbizi wanawake wakamtisha: msichana asiye na mume atanyang'anywa mtoto. Maneno ya foleni hayo! Lakini mwenye woga hachagui, akaandikisha: "Huyu ni mdogo wangu. Mama yetu alikufa vitani." Muhuri ukagongwa, pa! Tangu siku hiyo Cathy alimwita mama mlango ukifungwa. Nje alimwita yaya, dada mkubwa, na hata saluni hakuna aliyejua.

Cathy akakua, akasoma, akapata nafasi ya chuo Bordeaux, akachumbiwa huko huko na kijana wa watu wa mizabibu. Mwaliko wa viza ukaja: dada wa bibi harusi. Marcelline akashona kitenge cha mama anayemtoa binti, akakificha chini ya sanduku. Labda huko mbali angekivaa.

Labda nini! Siku ya kwanza tu walitembea kando ya mto, majumba ya mawe ya kale huku, maji ya rangi ya chai ya maziwa kule. Cathy akamshika mkono.

"Mama, faili yangu ya uraia iko mezani kwa serikali ya huku. Wakijua tulidanganya, nimekwisha. Hata hapa ubaki yaya. Nisamehe."

Angefanya nini, jamani? Uongo aliutunga mwenyewe. "Sawa, mwanangu," akasema, na roho ikamuuma kweli kweli. Kitenge kilirudi Durban na mikunjo yake.

Jumatatu, saluni, Deborah aliyesuka naye kiti kwa kiti akadakia, "Eish, yaya, leta picha!" Akazipitia kwenye simu: daraja, mizabibu, wakwe wameinua glasi za mvinyo, Marcelline mezani. Kando yake, kiti kitupu chenye mshumaa.

"Hiki cha nani?"

"Cha mama wa bibi harusi. Walimwashia."

"Masikini mama yenu! Angekuwapo, angefurahi."

"Angefurahi sana," Marcelline alisema, na machozi yakamshinda.

Deborah akaweka kitana chini, akamkumbatia, akampa pole ya msiba.