Mashine Isiyoona Chungu Cheusi

Juzi nilimsindikiza jirani yangu wa Ndalambo hadi maktaba ya chuo kikuu, kuchukua chungu cha marehemu mama yake. Walikiazima ili mashine yao ikipige picha pande zote, wajukuu waje wakione kwenye kompyuta. Yeye alikitaka kwa pombe ya harusi ya binti yake.

Kijana wa kaunta akakileta kimepauka kama kisigino cha kiangazi. Jirani akaingiza pua ndani, akakunja uso.

“Mmekifanya nini?”

“Tumekisugua kwa sabuni, mama. Mashine haioni vizuri kitu cheusi.”

“Udongo umekunywa sabuni, wewe mtoto! Wakwe zangu niwanyweshe povu?”

Kijana akamgeuzia kompyuta huku akitabasamu. “Usijali, mama, kipo humu. Tazama, kinazunguka.”

“Haya, pika pombe humo.”

Akabeba chungu chake, akatoka bila kuaga. Mimi nilibaki pale kaunta na swali kwao wenye mashine. Vyungu vyetu ni vyeusi kwa sababu tunavipikia. Sasa mashine isiyoona weusi, mliinunua ije kutazama jiko la nani?