Siku Waliyoiombea Silikoni Yangu Iyeyuke

Hadi leo nikipita karibu na kanisa letu pale Tala naangalia chini, kwa sababu akina mama wote wa kikundi cha maombi wanajua kilichomo ndani ya sidiria yangu kuliko wanavyojua kilichomo kwenye sufuria zao, na wa kulaumiwa ni mimi na uongo mmoja mdogo niliousema nikipiga mswaki.

Kwanza mjue mimi si mtu wa kukaa mahali. Shule niliiacha darasa la saba, nikauza maparachichi Mitaboni, nikauza mitumba Tala, nikasuka watu nywele Mombasa, halafu nikapata kazi ya saluni Dubai, na huko ndiko nilikowekewa matiti ya silikoni (msiniulize sababu, nilitaka tu kujua mtu anajisikiaje akiingia mahali kifua kikitangulia). Daktari alinieleza vizuri kabisa kwamba vile vifuko havikai milele, vinaweza kuraruka kimyakimya bila kuuma, kwa hivyo baada ya miaka michache niwe naenda kupigwa altrasaundi mara kwa mara. Nikasema sawa. Nikazunguka miaka tisa bila kwenda hata mara moja.

Mwaka jana nikarudi kukaa kwa Anti Nduku, dada yake mama, ambaye aliamini kifua hiki nilikipata kwa kula vizuri ughaibuni. Titi la kushoto likaanza kukaa vibaya, limejikunja upande kama mto wa kiti uliokaliwa na mtu mnene. Nikaogopa. Nikaingia kwenye simu, nikasoma mpaka nikajua kwamba kifuko kikiraruka, picha yake huonyesha mistari kama ngazi. Nikapanga kwenda Machakos mjini.

Asubuhi hiyo Anti akauliza, "Unaenda wapi mapema hivi?" Ningesema naenda sokoni, yangeisha. Lakini nikajibu na povu mdomoni, "Kuna kauvimbe kwa titi, naenda Machakos kuangaliwa." Nilidhani mtu akisikia hivyo ataogopa kuuliza zaidi.

Nilisahau kikundi cha maombi cha Anti. Kwetu mtu haugui peke yake, hata kama yeye mwenyewe angependa. Nilikuwa nimelala kwenye chumba cha picha, kifua wazi, nimepakwa ile jeli baridi, dada wa mashine anasogeza kile kifaa chake polepole na mimi nimetolea skrini macho nikitafuta ngazi, niliposikia viatu vingi upande wa pili wa pazia, na sauti ya Anti: "Tumefika, mwiitu wakwa, binti yangu! Usiogope!"

Walikuja na leso za kikundi na chupa za chai. Mlinzi alijaribu kuwatoa, wakampa kikombe. Halafu wakaanza.

"Ngai, tunaukemea huo uvimbe! Uyeyuke!"

"Uyeyuke!"

"Upasuke, Baba, usibaki hata kipande!"

"Upasuke!"

Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini siku hiyo niliamini kabisa kwamba maombi hufanya kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nikapiga kelele, "Msiombe ipasuke! Anti, wacheni! Ni silikoni! Niliwekewa Dubai!"

Hata mlinzi aliacha kunywa chai.

"Zote mbili?" Anti akauliza.

"Zote mbili."

"Aiyaa!" mama mmoja akasema. "Na vile nimekuwa nikimlazimisha msichana wangu ale maharagwe awe kama wewe!"

Dada wa mashine akakohoa. "Tumalize kwanza. La kulia liko sawa. La kushoto, unaona hii mistari?"

Niliiona. Ngazi kamili, ya kupandia hadi darini. Kifuko kilikuwa kimeraruka, ila silikoni bado ilikuwa imezuiwa na ile ngozi ya kovu iliyokizunguka, na itabidi nimwone daktari wa upasuaji. Sijaanza hata kulia, Anti akafungua pazia.

"Imepasuka?"

"Imepasuka."

Akawageukia wenzake. "Mmeona? Tumejibiwa."

"Lakini mama," dada wa mashine akasema, "hii imeraruka zamani, pengine ni miezi mingi."

"Sisi huomba mapema," Anti akamjibu.

Siku ya upasuaji ni Anti huyo huyo aliyekaa nje kutoka asubuhi, na nikisukumwa kuingia ndani alinishika mkono akaniinamia (mara hii aliuliza kwanza): "Mwende, tuombe ipasuke ama ikae?"

"Ikae, Anti."

Niliwekewa mpya, ndiyo, zote mbili, wacheni kuniangalia hivyo. Na niliapa kwamba sitamdanganya tena mtu mwenye kikundi cha maombi, wala sitakaa miaka tisa bila kupimwa. Hata nikitaka siwezi. Tarehe yangu ya altrasaundi imeandikwa kwenye kalenda ya kikundi, kati ya harusi ya binti wa katibu na sherehe ya mavuno. Juzi nilikuwa nimetorokea Kivaa kuona kama biashara ya samaki itanifaa, simu ikalia.

"Mwende," Anti akasema, "rudi nyumbani. Matiti yako yana miadi Alhamisi, na chai tumeshapanga ni nani ataleta."