Kicheko cha Mwalimu Wetu

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Njombe alitufundishia nje, jua likiwa bado halijashika moto na baridi ikiuma. Alitupanga ukutani, miguu peku, tukatamka sauti za herufi moja moja. Herufi ya P ilitakiwa itoke na mvuke mdomoni, na asiyetoa mvuke alirudia mpaka midomo imfe ganzi. Kanuni yake ilikuwa moja: kila herufi iliyoandikwa lazima isikike. Kuruka herufi, alisema, ni uvivu. Nilimwamini kuliko baba yangu mzazi. Nilitoka kijijini kwetu Yakobi alfajiri nikikariri njia nzima, na sikuruka hata moja.

Kisha akaja mkaguzi wa shule, Mwingereza. Mwalimu alinichagua mimi nisome. Nikasimama, nikasoma ukurasa mzima, kila herufi ikisikika. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Nikamgeukia mwalimu, nikijua atasema kwamba ndivyo alivyotufundisha. Naye alikuwa anacheka, tena kwa nguvu kuliko mgeni.

“Bwana, watoto hawa vichwa vigumu,” alimwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa hicho hicho nilichosoma mimi. “Nimewakataza mara ngapi wasisome hivyo!”



Kesho yake alitupanga tena ukutani, na kanuni ikawa ile ile. Nilifungua mdomo pamoja na wenzangu. Mvuke ukatoka. Sauti nilibaki nayo.