Kawaida ya Nani?

Juzi dukani Mlandege, nikisubiri kompyuta yangu itengenezwe, nilimwona kijana aliyetunga maktaba ya programu, yaani msimbo ulio tayari, ili watengeneza programu wengine waitumie bure. Hakuna aliyeitumia. Akamwomba mkewe, anayejifunza kazi hiyo, ayajaribu maelezo aliyoandika ya namna ya kuitumia.

Mke akasoma: "'Isakinishe kama kawaida.' Kawaida ya nani, mume wangu?"

"Ya watu wote."

"Kwani mie si mtu?"

Mume akafuta, akaandika amri yenyewe ya kusakinisha.

"'Kilichobaki ni rahisi.' Mbona nnatoka jasho?"

Akafuta tena, akatia mfano. Mke akaufuata, skrini ikaandika "Tayari!" Akapiga kigelegele, duka zima likageuka.

"Sasa yamekaa sawa?" mume akauliza kwa furaha.

"Sawa kabisa. Ila hujasema hiyo maktaba inafanya kazi gani."

Hata mimi, niliyekwisha kupiga makofi, nilikuwa sijui.