Fizikia kwa Simu ya Kogo

Mimi si mtu wa subira, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili walilijua hilo. Nikiuliza swali la fizikia darasani, wote hutazama madawati utadhani jibu limeandikwa huko. Ndipo nikafungua grupu ya mjadala kwenye simu. Shule yetu, karibu na Sosiot, ni ya kutwa, na wanafunzi hawana simu, kwa hiyo kila mmoja angetumia ya nyumbani jioni, ng'ombe wakishakamuliwa. Sheria ilikuwa moja: jibu la mwenzako usilipokee hivi hivi, lipinge au uliongezee.

Swali la kwanza nililitoa mashambani mwao. Kwa nini majani chai yakishindiliwa kwenye gunia hupata moto, hadi karani wa kituo cha kununulia huyakataa?

Wa kwanza kujibu alikuwa kijana mmoja mwenye mdomo. Aliandika kwamba ni joto la jua, majani hulibeba kutoka shambani. Alikosea, nami nikafurahi, nikangoja wenzake wamrukie. Yakaja majibu thelathini na kitu: "Asante sana mzee." "Ni kweli kabisa mzee." Mmoja akaongeza, "Mungu akubariki."

Nusura niitupe simu kwenye ndoo ya maziwa. Kisha nikatazama picha. Kijana alitumia simu ya baba yake, mzee wa kanisa, na jibu lilitokea kando ya uso wa baba mwenyewe, suti na tai, Biblia kifuani. Nani angempinga? Huku kwetu mtoto hamwambii mzee amekosea, hata kama mzee huyo ni mwenzake wa dawati la nyuma. Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni.

Ila nilikuwa na wasiwasi pia. Ijumaa ilikuwa siku ya kurudisha fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tatu, na msichana mmoja alikuwa amenionyesha yake, fizikia ameikata kwa kalamu. Kwenye karatasi alikuwa hodari, lakini ukimwita ajibu, sauti inampotea. Aliniambia fizikia ni ya watu wanaojua kuongea. Nilimpenda mtoto yule, nilitaka abaki, na sikujua nimwambie nini. Fomu ilibaki kutiwa sahihi nyumbani tu.

Jioni ya pili ikatokea kwenye grupu picha ya kikongwe ameshika kamba ya ng'ombe. Ilikuwa simu ya kogo wa yule msichana, nyanya anayemlea. Msichana aliandika:

"Samahani mzee. Mimi nakataa. Jana tulichuma na mvua, jua haikuwa. Nimeweka mkono ndani ya gunia, katikati ni moto, kando ni baridi. Nafikiri majani bado inapumua, na hiyo joto inakosa njia ya kutoka."

Nilisimama na mwiko mkononi, ugali ukiungua. Kisha mzee wa kanisa, kama nilivyoambiwa baadaye, akamnyang'anya mwanawe simu na kuandika mwenyewe: "Kogo amenishinda."

Hapo wakafunguka. Ikiwa mzee ameshindwa na aliye mkubwa kwake, basi hakuna aliyekosewa heshima. Walibishana kama jani lililochumwa lina uhai bado, na kama gunia lenye matundu lingesaidia. Mmoja alimpinga "mama", mwenzake aliyetumia simu ya mama yake, kwa kumwambia pole mara tatu. Nilifurahi kama mtoto, sifichi.

Ijumaa asubuhi kogo mwenyewe akafika shuleni, gambuti zimejaa matope, mjukuu nyuma yake na fomu mkononi. Alinieleza kwamba tangu jana watu wanampa mkono pale kituoni, wanampongeza kwa kumshinda mzee wa kanisa, na yeye hajui alisema nini. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hilo ndilo somo ambalo mtoto anataka amtilie sahihi aliache. Nikasema ndilo.

"Hiyo siweki," akasema. "Watu watakuja kuniuliza ingine, na mimi sijui kusoma."

Msichana akacheka kwa sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Akaomba kalamu yangu, akaandika fizikia upya, akamsogezea kogo fomu. Kogo akachovya kidole gumba kwenye wino wa muhuri wa shule, akakikandamiza pale chini kwa nguvu zake zote.