Diski Saba Kwenye Mkeka wa Mpunga

Plastiki ikipigwa na jua la mchana hutoa harufu yake, tamu kidogo, kama sahani mpya iliyosahauliwa karibu na jiko. Wiki iliyopita nilisahau beseni nje, na nilipofungua mlango wa uani harufu hiyo ikanipokea. Nikasimama pale na nguo mbichi mkononi, uso umeniwaka, mtu mzima mwenye wajukuu njiani. Niseme mapema nisiwachoshe: nikiwa na miaka kumi na moja niliwahi kuanika diski saba za kompyuta juani, kwenye mkeka, pamoja na mpunga. Wala si kwa bahati mbaya. Nilizipanga mstari.

Chekeni kwanza, nawasubiri. Kipande hicho nimeshakihadithia kwenye misiba na harusi, na hakijawahi kuniangusha. Kilichofuata ndicho ambacho huwa nakikatia njiani, najifanya nimeitwa jikoni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Dada yangu Redempta, wa kwanza kwetu, alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaenda Morogoro kujifunza kuchapa, akarudi Ifakara na cheti alichokihifadhi ndani ya Biblia. Baba Mdogo aliyekuwa akifanya kazi Dar akatutumia kompyuta iliyochoka, ikaja kwa treni imevishwa vipande vya godoro. Baba aliikokota kwa baiskeli kutoka stesheni, na njia nzima watu wakimuuliza kama ni televisheni.

"Ni ya kuchapia," Baba akawa anajibu.

"Sasa mzee, mpira tutauangaliaje kwenye ya kuchapia?"

Baba hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa kusema mara moja. Kuhusu Redempta alishasema: akipata kazi mjini, atakaa. Asipopata, mavuno yakiisha ataenda kijijini Mbingu kwa Shangazi, mashamba yapo, mikono haitoshi. Redempta hakubisha. Alianza tu kuamka mapema kuliko jogoo na kuchapa kwa vidole juu ya meza tupu.

Kisha ofisi moja pale mjini ikahitaji mchapaji. Mkuu wake, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akampa Redempta diski saba za programu wanayotumia wao. Akamwambia aiweke kwenye mashine yake nyumbani, ajizoeze Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi azirudishe na kufanya jaribio. Dada alizibeba kama anabeba mayai ya kuazima.

Ijumaa mchana tukaanza. Nasema tukaanza, ingawa kazi yangu ilikuwa kushika kamusi na kufukuza kuku. Diski ya kwanza iliingia, mashine ikanguruma krr-krr kama panya kwenye gunia. Ya pili, vizuri. Ya tatu, vizuri. Kufika ya nne mashine ikanyamaza, ikatoa maandishi meupe ya Kiingereza. Tukayafukua kwenye kamusi neno kwa neno: diski haisomeki, chagua moja, kuacha, kujaribu tena, au kushindwa.

"Kushindwa?" nikauliza. "Mtu anachagua kushindwa?"

"Labda aliyechoka," Redempta akasema, akabonyeza kujaribu tena.

Tulijaribu tena hadi kidole kikawa na joto. Dada hakuwa wa kupapasa. Alikuwa na daftari, na kila alichojaribu alikiandika: kuanza upya tangu diski ya kwanza, kuiacha mashine ipoe, kuipuliza diski, kuichomeka polepole. Mara nyingine ya nne ilisoma kidogo, nasi tukashikana mikono, halafu ikakwama palepale. Asubuhi ya Jumamosi alilisoma daftari lake akinywa uji, akasema ameshajua.

"Si diski. Diski mbovu isingesoma hata kidogo. Ni kichwa cha kusomea, mle ndani, kina uchafu. Naenda zahanati kuomba spiriti na pamba nikisafishe. Wewe usiguse kitu."

"Sijagusa."

"Sijasema umegusa. Nimesema usiguse."

Akaondoka. Nikabaki na akili yangu, na akili yangu haikuzoea kuachwa peke yake.

Nieleweni kidogo. Masika yalikuwa yametoka kuisha, na nyumba nzima ilikuwa imeota ukungu. Viatu vya Baba vya kanisani vilikuwa na ndevu. Mama alikuwa akianika kila kitu: mpunga wa kwanza kutoka shambani, magodoro, chumvi. Betri za redio zikichoka zilianikwa kutwa nzima, na jioni redio ilisema tena, kwa sauti ya mgonjwa aliyepata nafuu. "Kitu kikikataa, kianike," ndivyo Mama alivyosema, na sikuwahi kuona kitu kikimbishia. Sasa diski imekataa. Dada anahangaika na spiriti wakati jua hilo hapo mlangoni, la bure na la karibu. Nikaona nitamshangaza.

Nikazitoa zote saba, maana zililala kwenye kasha moja na unyevu unaambukiza. Nikazipanga pembeni ya mpunga. Kile kibati kidogo kinachofunika utando wa ndani nikakisukuma na kukizuia wazi kwa njiti ya kiberiti, diski zote saba, ili jua lifike tumboni. Kila nilipougeuza mpunga kwa miguu, vumbi likitimka, niligeuza na diski. Nilifanya kazi nzuri sana. Hadi leo sijawahi kufanya kazi ya kijinga kwa ufundi kama ule.

Nilipotoka kuteka maji nikamkuta Mama Holo ameinama mkekani. Alikuwa jirani yetu, Msukuma. Mume wake alikuwa na ng'ombe upande wa Namawala, naye alikuwa akituletea maziwa kila siku. Alikuwa anaziokota diski moja moja, akiziweka kwenye khanga yake.

"Shikamoo, Mama Holo."

"Marahaba, mayu." Hivyo ndivyo alivyomwita kila mwanamke, hata mimi nisiyefika begani kwake. "Nani kaweka hivi hapa?"

"Mimi. Nazikausha."

"Mimi sivijui. Lakini vinapinda, ona. Kitu cha watu kikianza kupinda, unakitoa."

Akaziingiza ndani, akazipanga mezani, akatumiminia maziwa kwenye sufuria, akaenda zake. Nilizitazama. Mbili zilikuwa zimejikunja kidogo ncha, kama jani la mhindi wakati wa kiangazi. Nikaondoa njiti za kiberiti nikazitupa chooni. Kwa hiyo nilijua, kabla hata Dada hajarudi. Msinitetee kwa utoto.

Redempta alirudi na chupa ndogo ya spiriti, anahema, amefurahi. Akakisafisha kichwa cha kusomea kwa pamba iliyozungushiwa kijiti, taratibu, kama anamsafisha mtoto sikio. Pamba ikatoka nyeusi. Akaniangalia, akacheka: "Umeona?" Kisha akaweka diski ya kwanza, ile ambayo haikuwahi kuleta taabu hata siku moja.

Mashine ikakwaruza. Diski haisomeki.

Akaweka ya pili. Ya tatu. Akachukua diski ya zamani ya Baba Mdogo iliyokuwa kabatini, akaiweka, ikasoma bila kigugumizi. Hapo akaziinua zile saba usawa wa dirisha, akaona vumbi la mpunga ndani ya vibati, akakaa chini sakafuni.

"Nani ameshika hizi?"

"Mama Holo alikuja na maziwa," nikasema. "Nilimkuta anazishika."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimeipima sentensi hiyo kwa miaka mingi, haina hata neno moja la uongo, na ndiyo sentensi chafu kuliko zote nilizowahi kusema. Mama alikuwa jikoni akasikia. Alitoka na mwiko mkononi, akamwita Mama Holo juu ya ua wa matete, na maneno yake yalikuwa yamekwisha kuiva kabla hayajaingia chunguni: watu wa ng'ombe, wameshatukanyagia mpunga, sasa wanaingia hadi vyumbani.

"Nilivikuta juani," Mama Holo akasema. "Nikavitoa."

"Juani! Nani aanike vitu vya umeme juani?" Mama akanigeukia. "Wewe uliviweka juani?"

Nikasema, "Hapana."

Mama Holo akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama unavyomsubiri mtoto amalize kukohoa. Mimi nikageukia mkeka nikaanza kuugeuza mpunga. Mwisho akasema, "Haya," akachukua ndoo yake, na kuanzia siku ile tukanywa chai ya rangi.

Jumatatu Redempta alizirudisha diski zimefungwa kwenye kitambaa safi. Yule bwana hakumgombeza, na hilo nadhani lilimuumiza zaidi. Alizijaribu moja moja mbele yake, akasema watamwita. Hawakumwita. Mavuno yalipoisha, Dada alipanda gari la Mbingu na godoro lake na Biblia yenye cheti. Aliniachia daftari lake la majaribio, na ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika: kichwa kimesafishwa, kinasoma. Alikuwa amepata jibu. Mchapaji mwenye akili hiyo amelima mpunga miaka yote hii, na sasa ana kakao kidogo na vidole vyenye sugu, na tukionana Krismasi huniuliza kama nimekula.

Nilikua nikidhani aibu yangu ni ile "hapana". Baadaye nikaja kuona kwamba mtoto wa miaka kumi na moja hakuwa na ustadi wa kudanganya watu wazima. Sikuuhitaji. Uongo wangu ulifika nyumbani kwetu ukakuta kiti kimeshawekwa, kimepanguswa, unaambiwa karibu. Ningemtaja mwalimu au sista wa parokia, ningeulizwa maswali mpaka nilie. Nilimtaja jirani mwenye ng'ombe, na hakuna aliyeniuliza mara mbili. Sikuijua hesabu hiyo kwa akili, lakini mdomo wangu uliijua. Mama amekwishatangulia mbele ya haki, na alikwenda akiamini vile.

Basi wiki iliyopita, baada ya lile beseni, nilivaa khanga nzuri, nikachukua kilo mbili za sukari, nikavuka uwanja kwenda kwa Mama Holo. Amezeeka, ila bado anasuka maziwa mwenyewe kwenye kibuyu, akikitikisa mapajani. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikayasema yote: diski, njiti, mkeka, ile hapana, na jinsi lilivyonikaa rohoni. Nililia pia, tena vizuri. Yeye hakusimamisha kibuyu. Nilipomaliza alikitikisa mara chache zaidi, akakiegemeza ukutani, akausukuma mfuko wa sukari kunirudishia.

"Mimi nililijua siku ileile, mayu. Aliyepoteza kazi ni dada yako, na yeye hujamwambia. Umekuja kwangu kwa sababu mimi niko hatua kumi."