Christina Wawili, Dosiye Moja

Siku Christina Ndayizeye wa Itaba alipofunua tumbo ili nesi aone kovu la upasuaji ulioandikwa kwenye dosiye yake, yaani jalada la matibabu, na kovu lisiwepo, Kulthumu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha wagonjwa wa kisukari. Yeye ndiye aliyeileta dosiye ile kutoka rafuni.

"Mi sijapasuliwa hata siku moja," yule mama alisema akicheka. "Labda mlinipasua nikiwa nimelala."

Nesi naye alicheka. Aliona ni karatasi tu iliyoingia mahali si pake, akaigeuza, akaendelea kumwandikia dawa zake za mwezi. Kulthumu hakucheka. Alikuwa ameifunga dosiye ile kwa mikono yake mwenyewe, wiki tisa zilizopita, na alikumbuka kwamba kabla ya hapo zilikuwa mbili.

Kulthumu alikuwa na miaka arobaini na minane, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili pale Gitega, ambako baba yake, mzee Hamadi, alishona kanzu na sare za shule. Aliingia hospitalini akiwa mfagiaji. Mwaka mmoja paa la chumba cha kumbukumbu lilivuja, karatasi zikalowa, na kila mtu akasema zichomwe. Yeye alifunga kamba uani, akazianika moja moja kama nguo, kisha akazipanga kwa kilima anakotoka mtu na kwa jina. Tangu wiki ile hakushika ufagio tena. Miaka kumi na tisa alikuwa ndiye mtunza dosiye, na madaktari walizoea kuambiana kwamba ukitaka kujua mgonjwa alilazwa lini, muulize Kulthumu kwanza. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini maneno hayo aliyapenda.

Mwanzoni mwa mwaka ulikuja mradi. Hospitali na vituo vya afya vya Gitega na Muyinga vingeunganishwa katika mfumo mmoja wa kompyuta: mgonjwa mmoja, namba moja, dosiye moja, popote aendapo. Kabla ya kununua chochote, timu ya mradi ilitaka kukusanya mahitaji. Mfumo uwe na uwezo gani, nani aone nini, umeme ukikatika kazi iendelee vipi. Kazi hiyo ilishikwa na Nadia, dada mmoja kutoka Bujumbura. Na ili Nadia asikute aibu, Gervasi, mkuu wa utawala wa hospitali, alitoa amri rafu zisafishwe mapema. Mgonjwa mwenye dosiye mbili abakishwe na moja.

"Jina moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, komine moja, basi ni mtu mmoja," Gervasi alimwambia Kulthumu.

"Na kama si mtu mmoja, shefu?"

"Kulthumu, tuko na miezi miwili tu."

Akaunganisha dosiye za watu mia mbili na kumi na wanne. Lebo za zamani alizikata kwa mkasi, akazitupa, akabandika mpya. Rafu zikapendeza.

Sasa alirudi na dosiye ile chumbani kwake, akafunga mlango, akaitandaza mezani. Alipoisoma polepole, watu wawili walianza kuachana mbele ya macho yake. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Itaba, mgonjwa wa sukari kwa miaka mitatu. Wa pili naye aliandikwa Christina Ndayizeye wa Itaba, mwaka uleule wa kuzaliwa, lakini pembeni mwa fishi yake, ile kadi ya kumtambulisha, mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu hafifu: anaishi Muyinga. Itaba ilikuwa komine, yaani wilaya, ya wazazi wake tu. Huyu alikulia kambini Tanzania na kurudi akiwa mtu mzima, na kama wengi waliorudi, tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa mwaka mtupu, bila siku wala mwezi. Alikuja Gitega kupasuliwa ngiri. Wiki saba zilizopita alirudi kuangaliwa kidonda. Siku hiyo daktari alikuta dosiye iliyokwisha kuunganishwa, akaona miaka mitatu ya kisukari, akaandika mstari mmoja chini: aendelee na vidonge vyake vya sukari, apewe barua kwa kituo cha afya cha kwao.

Kulthumu hakusomea uuguzi, lakini aliwahi kuona watu walioletwa wamelegea kwa sababu dawa imeshusha sukari kupita kiasi. Wengine hawakuamka. Alipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye fishi. Haipatikani. Akapiga tena na tena, kisha akaenda kwa Gervasi.

Gervasi alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mlango umefungwa vizuri.

"Mkutano wa mahitaji ni Jumatatu," alisema. "Wakuu wote watakuwa hapa. Tukisema leo, tutaambiwa Gitega hawajui hata kuhesabu watu wao. Acha mkutano upite, alafu tutatengeneza."

"Siku hizo zote iko anameza vidonge, shefu."

"We huna hakika kama anameza."

Ni kweli, hakuwa na hakika, na hapo ndipo roho yake iliponing'inia. Kama barua haikufika, alikuwa akijitesa bure. Kama ilifika, kila asubuhi yule mama alijidhuru kwa utiifu. Na kama Christina hawa walikuwa wawili, wale mia mbili na kumi na watatu waliobaki walikuwa wangapi hasa?

Jioni, mumewe Mahmudu, fundi wa viatu, alimwona amekaa mbele ya sahani bila kugusa chakula. Alipomweleza, Mahmudu aliuliza jambo moja tu.

"Unaogopea kazi ao unaogopea yule mama?"

"Yote mawili."

"Anza na yule mama. Kazi haifi."

Kesho yake, Ijumaa, hakuaga kazini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha magari, dosiye ameifunga ndani ya kitenge. Mafuta yalikuwa ya shida mwezi ule. Gari la kwanza la Muyinga lilifutiwa safari, la pili likakaa muda wa saa tatu likisubiri dereva apate madumu mawili ya mafuta. Kulthumu alikaa kiti cha nyuma bila kushuka, akiogopa nafasi kuchukuliwa. Mara mbili Gervasi alimpigia simu, na mara mbili akaitazama ikilia hadi ikanyamaza. Walipopita Karuzi mvua ilinyesha, na katika mvua ile alihesabu kwa kichwa majina aliyoyakumbuka: akina Ndayizeye sita, Nzeyimana kumi na mmoja, Yakobo wa Gishubi ambaye mwaka wake wa kuzaliwa ulifutwafutwa. Aliyaunganisha yote bila kumuuliza mtu hata mmoja.

Kutoka mjini Muyinga alichukua pikipiki hadi kituo cha afya kilichotajwa kwenye nakala ya barua iliyokuwa ndani ya dosiye. Nesi wa zamu, Kasiano, kijana mwembamba wa sauti ya upole, alifungua daftari.

"Christina Ndayizeye, namjua. Alichukua vidonge wiki jana. Kwani kuna nini, mama?"

Njiani alikuwa ametunga uongo kuhusu karatasi iliyokosa sahihi. Alipofungua kinywa, uongo haukuja.

"Ile dawa si yake," alisema. "Kisukari ni ya mwingine, wana jina moja. Mi ndiye niliwafunga pamoja."

Kasiano alilaza kalamu mezani. "Barua ilikuwa na muhuri wa Gitega," alisema taratibu. "Mi ni nani nibishane na muhuri? Na vipande vya kupimia sukari tulibaki na vitatu, tunawawekea wajawazito." Aliingia ndani, akatoka na kipimo cha sukari mfukoni. "Twende."

Walipanda kilima kwa miguu robo saa nzima. Kulthumu alitazama mbele akitafuta dalili za msiba: watu waliokusanyika uani, sauti ya kilio. Uani kwa Christina hapakuwa na watu. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka, akichambua maharage kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kanga kutoka kiganjani hadi kiwikoni.

"Karibuni," alisema yule mwanamke, kwa Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka. "Mbona leo nesi kanifuata mwenyewe?"

Kulthumu alikaa chini palepale, ukingoni mwa mkeka.

Kasiano hakupoteza muda. Alitoboa kidole, akasubiri, akasoma: hamsini na mbili, sukari ya chini mno. Akaagiza chai yenye sukari nyingi na ndizi mbivu, upesi. Binti wa jirani alipoileta, Christina aliisukuma kando.

"Sukari nimekatazwa."

"Kunywa, mama," Kasiano alisema. "Nakuomba kunywa."

Akanywa. Jasho lililokuwa limemtanda juu ya mdomo lilianza kukauka. Kasiano alipomuuliza kuhusu mkono, alieleza bila kulalamika.

"Nilianguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Tangu nianze dawa natetemeka, natoka jasho la baridi, macho yanaingia giza. Nikasema, kumbe kweli huu ugonjwa ni mbaya. Basi nikazidisha bidii. Sikuruka hata kidonge kimoja."

Kulthumu alitoa dosiye kwenye kitenge na kumweleza kila kitu: amri ya kusafisha rafu, Christina wa Itaba, lebo zilizokatwa, daktari aliyeamini karatasi. Alisema jina lake na kazi yake, na kwamba mikono iliyofunga dosiye ile ni hii. Christina aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo sina kisukari."

"Hauna, mama. Hukuwahi kuwa nacho."

"Nimeacha viazi vitamu. Nimemwita dada yangu kutoka Kigoma, nimempa maagizo kuhusu wanangu, nani amchukue nani." Aliitazama dosiye. "Huyo mwenzangu wa Itaba, yeye mmemfanya nini?"

"Yuko salama. Yeye ndiye alitufungua macho."

"Mama yake anaitwa nani?"

Kulthumu alipekua. Hapakuwa na nafasi ya jina la mama kwenye fishi yoyote.

"Wangu anaitwa Emerensiana," Christina alisema. "Mngeniuliza hilo tu. Kule kambini tuliandikwa kwa namba, tukaichukia. Lakini kila mara waliponiandika waliniuliza mama yako nani, na waliniita nije nione walichoandika. Nyie mmenipa ugonjwa wa mtu, na mimi sikuwepo."

Kulthumu alitaka kuomba radhi. Christina aliinua ule mkono mzima kumzuia.

"Leo usiniombe chochote, dada. Mkono unauma. Nenda ukawaambie hao wenye kompyuta."

Jumatatu ukumbi ulijaa. Nadia alisimama mbele ya karatasi kubwa ukutani, akiuliza kila idara inahitaji nini. Wa maabara walitaka majibu yafike wodini bila mtu kuyabeba. Wa famasia walitaka kuona dawa alizopewa mgonjwa Muyinga. Zamu ya kumbukumbu ilipofika, Gervasi aliinuka kujibu yeye, lakini Kulthumu alikuwa amekwisha kusimama. Alianza kwa sauti ndogo hata waliokaa nyuma wakamwambia aongeze. Akaeleza. Hakumtaja Gervasi. Alisema "tuliunganisha", kisha akajisahihisha, akasema "niliunganisha".

Nadia aliuliza kwa upole, "Mama Kulthumu, sasa ungetaka mfumo ufanye nini?"

"Jina la mama liandikwe. Kilima cha wazazi na kilima anapolala, kila kimoja na nafasi yake. Mtu asiunganishwe na mtu mpaka wafanyakazi wawili wakubali, na mwenyewe aulizwe. Na tukikosea, iwezekane kufungua tena." Akavuta pumzi. "Mi nilikata lebo nikazitupa. Kompyuta isiweze kutupa."

Daktari mmoja alilalamika kwamba hayo yatachelewesha kazi, na Nadia akakubali kwamba yatachelewesha, miezi mitatu labda minne, huku mkono wake ukiendelea kuandika. Mlangoni Gervasi alimwambia Kulthumu kwa meno yaliyobana, "Umetuvua nguo mbele ya wageni." Wiki ile ile Kulthumu alipewa barua ya onyo, kwa kuondoka kazini bila ruhusa. Aliisaini.

Amri nyingine iliyotoka ni kwamba dosiye zote mia mbili na kumi na nne zifunguliwe upya. Alipewa msaidizi, Adriano, na simu ya ofisi. Walipiga, walituma ujumbe kwenye vituo vya afya, waliwauliza wagonjwa majina ya mama zao. Kasiano alituma habari kutoka Muyinga kwamba kidonda cha mkono kimeanza kufunga, ila vidole viwili havikunjiki vizuri. Kulthumu alisoma ujumbe huo mara nyingi.

Kufikia kiangazi walikuwa wamegundua wengine watano ambao dosiye zao zilifungwa pamoja na za watu wengine. Wanne walipatikana, na hakuna aliyekuwa ameumia. Wa tano ni mzee mmoja wa Buraza, mgonjwa wa moyo, ambaye majirani wanasema alihama kwenda kwa binti yake, na hakuna anayejua huyo binti aliolewa kilima gani. Kila anayefika dirishani kutoka upande wa Buraza, Kulthumu humuuliza kwanza habari za mzee huyo, ndipo amuulize ugonjwa wake.